Anayepiga ni Shemeji

Waliokuwa nami tangu mwanzo wa mkasa huu wananijua. Mimi ni yule Chiriku wa gitaa, niliyejifungia majuma mawili kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya dada yangu nikirekodi nyimbo tisa za albamu yangu ya kwanza. Uliyechelewa sogea karibu, nakupa kwa ufupi, maana leo kuna mengi na mengi yake ni mabaya.

Dada ndiye aliyenilea tangu mama yetu afariki nikiwa na miaka tisa. Gitaa langu lilitokana na cherehani yake, aliyoiuza bila kuniambia. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari mwenye gereji yake mwenyewe, na ndiye aliyehamisha milango ya magari na madebe ya rangi ili nipate kile chumba. Mtaani wanamsifu. Mimi nilimsifu kuliko wote.

Mitambo ilikuwa ya fundi wa sauti, jamaa mpole tunayemwita Masikio. Aliniachia maiki mbili na kompyuta yake ili nirekodi wakati wowote nitakapojisikia. Maiki moja ilikuwa ya mdomo na gitaa. Ya pili aliigeuzia ukuta. Ndivyo anavyofanya kazi: kwake yeye wimbo lazima uwe na sauti ya chumba ulimoimbwa, la sivyo anasema hauna mwenyewe.

Wiki iliyopita niliwaachia pale Masikio anachanganya sauti za wimbo wa nne. Alivua hedifoni, akanitazama kwa furaha, akauliza, "Nani anapiga huku nyuma?"

Nami, kabla ulimi haujaomba ruhusa kwa kichwa, nikajibu, "Shemeji."

Akaandika.

Muelewe tulivyopishana hapo. Yeye aliuliza kama watu wa muziki wanavyouliza kila siku: nani anapiga kinanda, nani anapiga ngoma. Mimi nilisikia swali jingine kabisa na nikalijibu kweli tupu. Tukaachana kila mtu na lake, yeye na kalamu yake, mimi na gitaa langu.

Msomaji mmoja ameniandikia akinitaka nieleze kwa nini sikumsahihisha palepale. Ndugu yangu, ningemsahihisha ningelazimika kusema mimi mwenyewe nilikuwa wapi ukuta ulipokuwa unagongwa. Na hilo nimelikwepa wiki tatu nzima, hata kwenu. Leo nalisema.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, mvua inanyesha. Gereji ya shemeji haina paa la maana, kwa hiyo mvua ikinyesha anashinda nyumbani. Nilikuwa narudia wimbo wa nne, "Nisuke Taratibu," kwa mara ya kumi na moja. Ni wimbo wa dada. Unasimulia alivyokuwa ananisuka nywele pale mlangoni kila Jumamosi, mikono yake ilivyokuwa haiumizi, na mambo aliyokuwa ananinong'oneza sikioni ili nisilie.

Nilipoingia ubeti wa tatu, kitu kizito kiligonga ukuta. Kikagonga tena. Kwa jumla mara saba, si kwa haraka, kila pigo lina nafasi yake. Kati ya la nne na la tano nikasikia sauti ya kiume, ya chini, ya mtu asiye na haraka: "Nitakunyoosha. Nitakunyoosha tu."

Dada hakupiga ukunga. Nilimjua kwa pumzi, alivyoivuta kwa meno, vilevile alivyokuwa akivuta enzi za cherehani sindano ikimchoma.

Nilisikia, wasomaji. Nilikuwa nimefumba macho, lakini nilisikia kila kitu. Na asubuhi ile sauti yangu ilikuwa imekaa mahali ambapo haijawahi kukaa maishani mwangu. Nikawaza, nikikatisha sasa hairudi tena. Nikaimba ubeti wa tatu mpaka mwisho, nikaimba kiitikio mara mbili, nikamalizia na gitaa peke yake mpaka uzi wa mwisho ukanyamaza.

Ndipo nikatoka. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Alisema amejigonga na mlango wa kabati. Nikampa pole. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba huo mlango ungefaa kurekebishwa.

Basi. Nimetema. Sasa tuendelee na tulipoachia.

Albamu ilitoka. Tuliiita *Chumba cha Nyuma*, nakala mia tatu, kava la rangi mbili. Ndani ya kava kulikuwa na orodha ya waliofanya kazi, na kwenye wimbo wa nne Masikio alikuwa ameandika kwa herufi safi: Gitaa na sauti, Chiriku. Ngoma, Shemeji.

Shemeji ndiye aliyeiona kwanza. Tulikuwa mezani sote watatu. Akasoma, akasoma tena, akaniuliza ngoma gani, maana yeye ngoma hajawahi kugusa. Dada alikuwa anamenya kitunguu na hakuinua kichwa.

Nilishajiandaa na uongo wangu. Nikamwambia siku moja maiki ilinasa nyundo yake akigonga uani, Masikio akaipenda, akaipandisha sauti. Shemeji akacheka mpaka akafuta machozi. Kumbe yeye naye ni msanii, alisema, na watu wamemficha miaka yote hii. Akachukua nakala ishirini akawagawia wateja. Moja akaibandika kwenye mlango wa stoo ya gereji, mahali ambapo hata anayekuja kuulizia bei ya kupaka rangi lazima aione.

Kichwa kilimvimba, na mimi nikakiacha kivimbe. Mtu mwenye furaha hapigi, nilijiambia. Siku tisa nzima nyumba ile ilikuwa na amani, nikaanza kuamini kwamba uongo wangu umefanya kazi ya heri.

Dada hakuusikiliza wimbo. Kila aliponiomba nilimpiga chenga. Leo redio haina betri, kesho tutakaa tuusikilize vizuri tukiwa wawili. Alikuwa ananielewa, au alijifanya.

Kisha wimbo ukashika moto.

Sikutegemea uwe ule. Nilikuwa nimeweka matumaini kwenye wimbo wa kwanza, wenye maneno mazito ya kunitoa jasho mwezi mzima. Lakini kituo kimoja cha redio kilijaribu wa nne asubuhi moja na simu zikamiminika. Watu hawakuulizia maneno yangu wala gitaa langu. Waliulizia ule mdundo. Walisema unawashika kifuani. Mmoja alisema ukisikia pigo la nne unajikuta unangoja la tano huku umezuia pumzi.

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi akatualika, mimi na mpiga ngoma wangu.

Nilitafuta kila kisingizio. Koo linauma, gitaa limekatika uzi, mtangazaji mwenyewe ana maneno mengi. Shemeji hakutaka kusikia. Alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi na dada, akachukua nyundo yake na kipande cha boneti kuukuu, tukaondoka saa moja asubuhi na gari la mteja. Dada alisimama mlangoni akatuambia atatusikiliza.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia ukutani na viti vinavyozunguka. Tukavishwa hedifoni. Mtangazaji, mtu wa kucheka kabla hajamaliza sentensi yake, akatutambulisha mubashara, kisha akamwomba shemeji atuonjeshe.

Shemeji akaweka boneti magotini, akapiga. Kwang'. Masikio yetu yote yakalia. Akapiga tena. Kwang'.

"Hapana, fundi," mtangazaji akasema huku anacheka. "Hiyo ni kengele. Ile ya kwenye wimbo ina nyama ndani yake."

Shemeji naye akacheka, akasema labda boneti lile lilikuwa la gari jingine. Nilijaribu kuingiza maneno, nikasema niimbe basi, gitaa ninalo. Mtangazaji akaniinulia kidole nisubiri. Alikuwa na zawadi kwa wasikilizaji, alisema. Fundi wa sauti amemtumia kitu ambacho hakipo kwenye albamu: maiki ya pili peke yake, ile iliyogeuzwa ukutani, bila gitaa, bila mwimbaji.

Masikio na wema wake. Alidhani anatupandisha.

Nikanyoosha mkono kuelekea zile swichi zake, nikaurudisha. Ningesema nini, tukiwa hewani?

Akabonyeza.

Ukuta ukagonga. Bila gitaa langu kuufunika, ulikuwa kitu kingine. Ulisikika uzito, ukasikika mwili ukiteleza baada ya kila pigo, na ile pumzi ya menoni ikasikika waziwazi. Moja. Mbili. Tatu. Nilimtazama shemeji. Tabasamu lilikuwa bado lipo mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Mkono wake juu ya goti ulijifunga, ukafunguka, ukajifunga. Nne.

"Nitakunyoosha," ikasema redio. "Nitakunyoosha tu."

Mtangazaji akarusha mikono juu. Alicheka mpaka kiti kikamzunguka. "Wasikilizaji, mmemsikia? Anaongea na bati lake! Fundi, kumbe bati lilikuwa linakusumbua?"

Nilingoja shemeji avue hedifoni atoke. Hakutoka. Alisogea karibu na maiki, taratibu, kama mzoefu wa kazi ile.

"Lilikuwa kaidi kidogo," akasema.

"Na likanyooka?"

"Linanyooka. Ukiwa na subira linanyooka."

Wote wakacheka. Mtangazaji alicheka, na msichana wa mitambo nyuma ya kioo alicheka, na mimi nilicheka. Msinione mnafiki peke yangu, mdomo ulifunguka wenyewe. Lakini sauti ilitoka, na watu wote waliokuwa na redio asubuhi ile waliisikia.

Tulipotoka, meseji zilikuwa zinaingia kwa wingi na zote zilikuwa na neno lile moja. Mwalimu atawanyoosha wanafunzi, mke atamnyoosha mume, timu fulani itainyoosha nyingine Jumapili. Mji mzima ulikuwa umepata kichekesho cha wiki.

Garini shemeji alikuwa anapiga mluzi. Aliniuliza kwa upole kama nimekula. Nikasema bado. Akaniuliza kwa upole uleule ile sauti ya ukutani iko kwa nani mwingine zaidi ya Masikio na redio. Nikasema hakuna. Akaitikia kwa kichwa, akapita njia panda ya nyumbani bila kukata kona, akaendelea mpaka gereji.

Mafundi wake wawili walikuwa wanagonga mlango wa lori. Aliwasalimia, akawaambia ana kazi ndogo na shemeji yake stoo, wao waendelee kupiga. Akalirudia hilo la mwisho: waendelee kupiga, wasipumzike mpaka atakapowaambia.

Stoo ya gereji ina meza ndefu ya mbao iliyolowa mafuta. Mwisho wa meza kuna jiliwa, yale meno mawili ya chuma yanayobana bati lisicheze likipigwa. Unazungusha mpini, meno yanakaribiana. Nimeliona jiliwa lile mara mia. Nilishawahi hata kumshikia kikombe cha chai huku akilitumia.

Alifunga mlango. Akaushika mkono wangu wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, kwa namna ya mtu anayesalimia. Nilipoelewa anataka nini, vidole vinne vilikuwa vimeshaingia kati ya vyuma na mpini umeshazunguka mara mbili.

Nilimpiga kwa mkono wa kulia. Nilimpiga usoni, nikampiga shingoni, nikamkwaruza mpaka nikaona damu. Alinitazama tu. Kisha akanipiga kofi moja ambalo liliniketisha, na nilipokaa, mkono ulibaki juu, umebanwa. Nikasimama haraka kwa sababu maumivu ya kukaa yalikuwa hayavumiliki.

"Umeniandika kwenye kava, shemeji," akasema. "Nimelibandika kwenye mlango wangu. Nimewagawia wateja."

Nikamwambia nilikosea.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Dada yako?"

"Hajausikia wimbo. Nakuapia."

Akazungusha mpini robo. Kidole kidogo kikalia ndani ya nyama, sauti ndogo, kavu. Nikapiga kelele zote nilizonazo mwilini. Nje nyundo zilikuwa zinaendelea juu ya mlango wa lori, na kelele zangu zikazama humo.

Alikuwa hana hasira, hilo ndilo mnalopaswa kulijua kuhusu mtu huyu. Alinieleza kazi yake, kama anayefundisha. Bati ukilipiga kwa hasira unalitoboa, alisema, na likishatobolewa ni la kutupa. Lazima upige kidogo, utazame, upige tena. Watu wengi hawajui kupiga. Alisema dada yangu hajawahi kuvunjika mfupa hata mmoja, na alilisema hilo kama ushahidi wa wema wake.

Kisha akasema hivi ndivyo tutakavyofanya. Nitampigia Masikio afute kila kitu. Nitarudi redioni kueleza kwamba ilikuwa ni sanaa, kwamba tuliigiza, kwamba wazo lilikuwa langu.

Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa chochote.

Ndipo simu yangu ikalia mfukoni mwangu. Akaichukua yeye. Aliangalia kioo, akanigeuzia nione. Dada.

Akaiweka mezani kando ya jiliwa, akaipokea kwa spika ili sote tusikie, akaweka kidole mdomoni. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya mpini.

"Chiriku," dada akasema. Kulikuwa na magari nyuma yake. "Uko na nani?"

Shemeji akatikisa kichwa.

"Peke yangu," nikasema.

"Nimejisikia redioni. Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye redio, mdogo wangu. Nimeiacha pasi juu ya nguo, sijui kama imezimwa."

Alinieleza mengine kwa haraka, maneno yanakanyagana. Alitoka na ndala, na nakala moja ya albamu, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Miaka sita alikuwa hana cha kuonyesha, maana mumewe anajua pa kupiga. Sasa anacho, na mji mzima umekisikia. Lakini askari wa zamu naye alikuwa amesikiliza kipindi. Alicheka, kisha akachukua kava akalisoma, akamwonyesha kwa kidole: Ngoma, Shemeji. Bibie, alimwambia, mimi siwezi kufungua jalada dhidi ya mpiga ngoma.

"Nimembembeleza," dada akasema. "Amesema mwenye wimbo akija akaandikisha kwamba ile si ngoma, ataniandikia. Ndiyo nimekupigia. Njoo. Najua wewe hukusikia kitu, ulikuwa umevaa yale mahedifoni yako. Sikulaumu hata kidogo. Njoo tu useme hapakuwa na ngoma chumbani. Hilo moja tu."

Hedifoni zilikuwa juu ya kitanda siku ile. Huwa sizivai nikiimba, zinanibana nywele.

Shemeji aliinama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu. Sema ilikuwa ngoma, alininong'oneza. Sema, nikufungulie.

Miaka kumi na mitano mwanamke yule alikuwa amenibeba. Alikuwa amesimama nje ya kituo cha polisi na ndala miguuni, ananiomba sentensi moja.

"Hapakuwa na ngoma, Dada," nikasema.

Mpini ukazunguka. Kidole cha pili kikaenda. Nililia kama mnyama, sikuweza kujizuia, na dada akaanza kuita jina langu, kuna nini, Chiriku, kuna nini. Macho yalikuwa yananizimika. Nikadhani nakufa, na nikaona siwezi kufa huku yeye anaamini habari ya hedifoni.

"Nilisikia," nikasema. "Dada, siku ile nilisikia yote."

Magari yakapita upande wake.

"Ulisikia."

"Nilisikia unapigwa. Sikuwa na hedifoni."

"Mbona wimbo haukukatika?"

"Niliumalizia. Nilikuwa nimeimba vizuri."

Nilifumba macho ningoje kidole cha tatu. Hakikuja. Nilipofumbua, shemeji alikuwa ameuachia mpini. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu amwoe dada yangu, karibu niseme kwa heshima. Akaichukua simu.

"Mke wangu," akasema, sauti yake laini. "Ni mimi. Niko na mdogo wako hapa gereji. Umemsikia kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nilikupiga, sikatai, nilikuwa na hasira. Muulize yeye alikuwa na nini."

Dada hakumuuliza. Nilisikia honi, nikasikia mtu anauza kitu kwa sauti, nikasikia ile pumzi ikivutwa kwa meno.

"Nakuja," akasema.

Sauti yake naijua tangu sijajua kusoma. Sikuweza kutambua kama anakuja kunitoa, au anarudi kwa mumewe, au amemwita yule askari kwa mkono wakati anazungumza. Nikapiga kelele asije. Simu ilikuwa imeshakatika.

Shemeji akaitia mfukoni mwake. Akalegeza jiliwa nusu mzunguko, si zaidi, damu ipate kupita, akanipa tambara la kufutia mafuta nijifute uso. Kisha akatoka nje. Nilimsikia akiwaambia mafundi wake wapumzike sasa, waende wakale, wasirudi mpaka saa nane. Nilimsikia akilivuta geti. Kwenye ufa wa mlango wa stoo niliona alivyoliacha: alilifunga karibu lote, akabakiza upenyo wa mtu mmoja.